Nimeambiwa niache kuchora niwe meneja wa usanifu ofisini, mliopita njia hii naombeni mnieleze ukweli

Kibao_Mbezi

Wakuu salaam. Mimi ni msanifu majengo, nimesoma Chuo Kikuu Ardhi, bodi ya usajili wa wasanifu na wakadiriaji majenzi (AQRB) nimeshapita nina namba yangu, na toka nimalize chuo nipo ofisi hii hii ya wastani hapa Dar. Kazi zimekuwa nyingi, za serikali na za watu binafsi, na bosi umri umesogea. Juzi kaniita akanambia anataka nitoke kwenye kuchora niwe meneja wa usanifu, yani niwapangie vijana kazi, niwe kiungo na wahandisi wa strakcha (mihimili ya jengo), umeme, mabomba na QS (mkadiriaji majenzi), nifatilie vibali, niingie vikao vya saiti, niandike invoisi na nizifatilie mpaka hela iingie. Mshahara unapanda na kuna habari ya hisa huko mbele ila bado ni maneno ya mdomo tu.

Kuchora ndio kilichonileta kwenye hii fani. Nikipata kiwanja kigumu, mteremko, upepo wa baharini, mteja mwenye familia kubwa, naweza kukaa nacho mpaka usiku wa manane na sichoki. Naogopa nikikubali mkono utakufa. Na naogopa nikikataa ataletwa mtu wa nje ambaye hajui jengo linavyosimama atupangie ratiba sisi.

Sasa waliofanya hii kazi niambieni, kinachochosha hasa ni nini, na utamu wake upo wapi? Na je nirudi darasani, MBA au masters ya usimamizi wa ujenzi? Msinitie moyo tu, nataka nijue ninapoingia.

MzeeWaNyegezi

Mdogo wangu nimeongoza ofisi hapa Mwanza miaka mingi na bado naiongoza, kwahiyo nitakwambia kama ninavyowaambia wangu.

Kinachochosha namba moja ni hela. Si kwamba hazipo, ni kwamba haziji kwa mpangilio ambao kazi inafanyika. Mteja analipa kwa furaha hatua ya kwanza kwasababu anataka zile picha za rangi aonyeshe ndugu zake. Ukifika michoro ya kina, ambako masaa mengi ya vijana wako ndio yanaishia, yeye anaona hakuna kipya, jengo si ameshaliona? Anaanza kuchelewa. Na hatua ya usimamizi ndio balaa zaidi maana anaona tayari ana ramani na ana fundi, wewe unakuja saiti kufanya nini. Kwahiyo meneja wa usanifu kazi yake ya kwanza ni kugawanya fee kwenye mkataba ifuate masaa, sio ifuate furaha ya mteja. Hilo likikaa vizuri mwanzoni umepona nusu ya matatizo.

Kazi za serikali nazo nzuri, zinajenga jina, ila malipo yanapita mikono mingi. Saivi tenda zote zinapita NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali mtandaoni, ule uliochukua nafasi ya TANePS, na kusema kweli uwazi umeongezeka ukilinganisha na enzi za bahasha. Lakini kushinda tenda ni kitu kimoja na kulipwa ni kingine. Kama ofisi yenu ipo kwenye VAT, ukishatoa invoisi ya kodi ile asilimia 18 inahesabika hata kama mteja hajakulipa na ritani inatakiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwahiyo kaa na mhasibu mpange hatua za mkataba na muda wa invoisi viendane, mteja asaini kwanza kwamba hatua imekamilika na ameikubali. Halafu akikulipa anakata ile asilimia 5 ya kodi ya zuio. Dai cheti chake siku hiyo hiyo. Usipokuwa na cheti wakati wa kufunga hesabu na TRA hiyo hela hesabu kama hukuwahi kuipata. Mambo haya Ardhi hawakufundishi na ndiyo yanayofunga ofisi. Nimeziona ofisi hapa zimefunga milango zikiwa na kazi mezani.

Kinachochosha namba mbili ni mabadiliko yasiyoisha. Mteja anabadilisha ngazi, mke wake anabadilisha jiko, mtoto wa kwanza anapiga simu toka nje ya nchi anataka bwawa. Wewe uliyekuwa unachora ulikuwa unaona raha, kila badiliko ni tatizo jipya la kutatua. Ukiwa meneja unaona vijana wawili wamekaa wiki nzima kwa kazi ambayo hailipwi. Andika kwenye mkataba mabadiliko mangapi yamo ndani ya fee na baada ya hapo ni bei gani. Andika kabla hamjaanza, baada ya hapo unaonekana mkorofi.

Utamu wake sasa. Nina vijana ambao walikuja kwangu wametoka chuo hawajui hata kukunja ramani, wakapita mafunzo yao chini yangu, wakaenda mbele ya bodi wakasajiliwa, leo wana ofisi zao na mmoja amenishinda tenda. Nilimpigia simu nikampongeza na nilimaanisha. Jengo moja ungelichora mwenyewe ni zuri, lakini hao watu wanachora mkoa mzima.

BiMkadiriaji

Naongea kama QS. Ombi langu kwako ukubali hiyo kazi, kwasababu sisi tunaoletewa michoro ndio tunajua ofisi ipi ina meneja na ipi haina.

Ofisi isiyo na meneja unapokea ramani ya msanifu inasema choo kipo hapa, ya strakcha inaonyesha bimu inapita hapo hapo, na mtu wa mabomba kachora bomba la inchi nne katikati ya bimu. Kila mmoja kafanya kazi yake vizuri kwenye karatasi yake. Mimi napima BOQ (orodha ya kazi na vipimo vyake kwa ajili ya bei) kwa ramani ya mwezi wa pili wakati mhandisi alishabadilisha ukubwa wa nguzo mwezi wa tatu, tenda inatoka, kontrakta anashinda kwa bei hiyo, na saiti ndiko tunakutana wote tunashangaa. Hapo either unatoboa bimu, kitu ambacho mhandisi hawezi kukubali, au unahamisha choo na kila kilichopo chini yake mpaka ghorofa ya chini. Hela ya mteja imeshaenda.

Dawa yake ni rejista ya michoro. Kila mchoro namba, kila toleo herufi na tarehe, nani kapewa, lini, kasaini wapi. Toleo jipya likitoka la zamani linarudishwa au linapigwa mhuri kwamba limefutwa, maana fundi anashika ile karatasi iliyopo kwenye kibanda na kama ni toleo B atajenga toleo B hata kama ninyi ofisini mpo toleo D. Pili kikao cha wataalam wote mezani kabla BOQ haijapimwa, sio baada. Mtu anayeita hicho kikao, anayekataa kisiahirishwe, anayekagua kama tundu za mabomba zimeonyeshwa kwenye ramani ya strakcha kabla ya zege kumwagwa, huyo ndio meneja wa usanifu. Na kama hajui kuchora hawezi kuiona hiyo bimu, kwahiyo usidhani mkono wako unatupwa, jicho lile lile ndilo linafanya kazi.

Saiti_Daima

Mi nipo upande wa kontrakta daraja la kwanza, nakutana na ofisi za wasanifu kila wiki. Naongeza alichosema dada hapo juu.

Saiti ina maswali. Kila siku kuna swali, kimo cha dirisha hapa hakilingani na sehemu ya mkato, vigae gani, mlango unafunguka upande upi. Tunaandika swali tunatuma. Ofisi ikikaa nalo wiki tatu kwasababu aliyechora kahamia projekti nyingine na hakuna anayejua jibu, mimi watu wangu wamesimama, mashine imekodiwa, na nina haki kimkataba ya kuomba muda na wakati mwingine gharama. Mteja akiona lile dai anadhani kontrakta ni mwizi, kumbe chanzo ni swali lililolala kwenye imeli ya msanifu.

Kwahiyo ukiingia hiyo nafasi tengeneza ratiba ya kutoa taarifa. Usisubiri kuulizwa. Kaa na programu ya kontrakta angalia anafika madirisha lini, rudi nyuma muda wa kuagiza na wa kusafirisha, hiyo ndio tarehe yako ya kutoa jedwali la madirisha. Na maelekezo yote yawe ya maandishi. Msanifu anakuja saiti anamwambia fundi hamisha huu ukuta, anaondoka, mwisho wa mwezi hakuna anayekumbuka nani alisema. Mikataba karibu yote tunayotumia, ya NCC (Baraza la Taifa la Ujenzi) hata ile ya kimataifa ya FIDIC, inataka maandishi. Ofisi inayofanya hivyo tunaipenda sana sisi, bei zetu kwenye kazi zao huwa zinashuka kwasababu tunajua hatutapoteza siku.

Kibao_Mbezi

Asanteni sana wakuu, nimesoma kila neno. BiMkadiriaji hilo la bimu na bomba limenigusa maana lipo kwenye projekti yetu moja saivi ninapoandika.

Bado hamjanijibu kuhusu shule. Na hilo la mkono kufa, kwa kweli linaniumiza.

Leicester_Mswahili

Kaka nipo Uingereza, nimefanya kazi ofisi za huku kama mratibu wa usanifu. Huku hii ni fani kabisa, ilianza kuzungumzwa miaka ya 60 na kuna watafiti wa nchi mbalimbali wana kamati yao chini ya CIB, baraza la kimataifa la utafiti wa ujenzi, toka miaka ya 90. RIBA, chama cha wasanifu wa huku, wana mpango wa kazi toka 1963, saivi una hatua 0 mpaka 7, na hatua ya 0 ni kabla hata hujachora mstari, unamuuliza mteja kama kweli anahitaji jengo, na ya 7 ni jengo likiwa linatumika. Sisi nyumbani tunaruka zote mbili. Tunaanzia kwenye ramani na tunaishia kwenye kukabidhi funguo.

Ila nataka nikwambie kitu kimoja cha huku. Grenfell Tower ilipoungua London Juni 2017 wakafa watu 72, uchunguzi uliochukua miaka ulikwenda kuangalia karatasi, nani alichagua zile paneli za kufunika ukuta kwa nje, nani alikagua, nani alidhani ni kazi ya mwenzake. Kila mmoja alikuwa anaamini kuna mtu mwingine anaangalia. Baada ya hapo ikaja sheria ya usalama wa majengo ya 2022, na toka Oktoba 2023 kila kazi yenye makandarasi zaidi ya mmoja lazima kuwe na mbunifu kiongozi anayewajibika kisheria kwamba michoro yote kwa pamoja inafuata kanuni. Yani ile kazi unayopewa wewe kama cheo, huku imekuwa wajibu wa kisheria. Na mjadala wake ulikuwa mkali, ofisi nyingi ziliogopa.

Kuhusu shule, MBA ni nzuri kama unataka kuendesha biashara yoyote ile. Mimi ningekuwa wewe ningesoma kwanza mikataba na sheria ya manunuzi mpaka nizijue kama jina langu, hasa hii sheria mpya ya manunuzi ya 2023 ya huko nyumbani, halafu hesabu za ofisi, halafu ndio nifikirie masters ya ujenzi nikiwa nimeshafanya kazi mwaka mmoja miwili na najua pengo langu liko wapi. Ukienda darasani kabla hujajua swali lako utarudi na cheti tu.

Wanjiku_Studio

Niko Nairobi, naendesha studio ndogo. Huku tuna BORAQS, bodi yetu ya usajili wa wasanifu, na sheria yake Cap 525, tuna mamlaka ya NCA upande wa makandarasi, lakini shida ni zile zile, hata mimi nasoma hapa nikidhani mnaongea kuhusu ofisi yangu.

Kuhusu mkono. Mimi siku ya Ijumaa mchana kila mtu anabandika kazi ukutani, tunafanya juri kama ya chuo, na mimi nashika kalamu nyekundu na karatasi inayoonyesha ya chini (tracing) na nachora juu ya kazi zao, mbele yao, wakiwa wanauliza. Sijafungua Revit, ile programu ya kuchorea, kwa muda mrefu na sioni kama nimeacha kuwa msanifu. Maamuzi makubwa ya jengo, linaelekea wapi, jua la magharibi linazuiwaje, watu wanaingia wapi, maji ya mvua yanaenda wapi, hayo yanafanyika kwa mistari michache sana mwanzoni, na hiyo nafasi meneja anayo kama atajipa. Kinachopotea ni yale masaa marefu ya wewe na skrini usiku, na hayo nakubali yanakosekana, sitakudanganya. Nilikuwa nayapenda.

Na mtu akisema uongozi ni wa watu wasiojua kubuni mwambie amtazame Beda Amuli. Ametuachia soko la Kariakoo, yale mapaa ya zege ya miavuli, jengo la miaka ya 70 ambalo wanafunzi wetu huku bado tunawaonyesha. Alikuwa na ofisi yake mwenyewe, na jengo la aina ile haliwezi kusimama bila mtu aliyewaweka mhandisi, kontrakta na serikali kwenye meza moja. Moto wa Julai 2021 uliniuma kama limeungua la kwetu.

Kwa upande wa wanawake mnaosoma hapa, hii njia ina ugumu wake wa ziada. Kwenye kikao cha saiti kontrakta anajibu kwa kumwangalia kijana wangu wa kiume ambaye ndio kwanza ametoka chuo. Nimeamua minutes naandika mimi na nasaini mimi, na payment certificate inatoka na jina langu. Baada ya certificate ya kwanza wanajua wamwangalie nani.

Tofali_na_Mchanga

Mimi natofautiana na wengi hapa. Nilipewa ofa kama yako nikakataa na nipo kwenye meza ya kuchora mpaka leo, na nina amani. Sio kila msanifu mzuri lazima apandishwe awe meneja. Ofisi zetu zina ugonjwa huo, mtu akichora vizuri anaondolewa kwenye kuchora, halafu tunashangaa kwanini majengo ya Dar yanafanana, vioo vitupu magharibi na AC juu ya AC.

Ila kama utakubali, sikiliza. Usikubali cheo bila mamlaka. Uliza maswali haya mbele ya bosi, je nina uwezo wa kuzuia mchoro usitoke nje ya ofisi kama haujakaguliwa? Je naweza kumwambia mteja hapana, hata kama ni rafiki yako? Je naweza kukataa kazi ambayo fee yake haitoshi kuifanya kwa usalama? Kama majibu ni "tutaangalia", basi wewe utakuwa karani wa kufatilia na lawama zitakuwa zako.

Nasema hivi kwasababu kwenye bango la saiti kuna jina la msanifu. Machi 29, 2013 ghorofa la mtaa wa Indira Gandhi lilipoanguka walikufa watu 36. Novemba 16, 2024 tukarudia Kariakoo. Siku kama ile hakuna anayeuliza nani alikuwa na ratiba nzuri, wanauliza nani alisaini, nani alijua kwamba ghorofa zimeongezwa au kwamba chini kunachimbwa na akanyamaza. Mtu mwenye cheo cha kusimamia michoro na saiti bila nguvu ya kusimamisha kazi yupo kwenye hatari kubwa kuliko mtu yeyote ofisini. Barua ya kusimamisha kazi uwe na haki ya kuiandika siku hiyo hiyo, sio baada ya bosi kurudi safari.

MzeeWaNyegezi

Tofali umesema kweli tupu na mimi nakuunga mkono. Meneja asiyeweza kusema hapana ofisi haimhitaji.

Ila hilo la kukataa kabisa, nifikirie upande wa pili. Sisi wasanifu tukiiacha hii kazi inachukuliwa na watu wa miradi wasiojua jengo, na wao wanaanza kukata muda wa kubuni kwasababu hawaoni ndani yake kuna nini. Kijana anayeambiwa mchoro wa kina umalizike kwa siku mbili hana mtu wa kumtetea. Mimi nikipanga ratiba naweka muda wa kukosea na kurudia kwasababu najua jengo linatoka wapi. Muda huo ndio kitu cha thamani kuliko vyote ninachoweza kumpa msanifu, na hakuna meneja wa nje atakayempa.

Kibao_Mbezi

Wakuu mmenifungua. Nimeongea na bosi jana, nikampelekea yale maswali ya Tofali, ya kuzuia mchoro na kusimamisha kazi kakubali bila shida, ya kukataa kazi za marafiki zake kakaa kimya kidogo akasema tutakuwa tunakaa wawili tunaamua. Juri ya Ijumaa kaipenda sana. Kwenye hisa ndio bado anasema "utapata tu mwanangu". Hapo nifanyeje bila kuonekana sina adabu, ni mzee wangu ananijua toka nafanya mafunzo ya vitendo?

BiMkadiriaji

Mzee anayekuita mwanangu hatachukia ukimwambia baba tuiweke kwenye karatasi ili hata watoto wako wasije wakasumbuana na mimi. Mwambie hivyo hivyo, na umwambie ana kwa ana sio kwa imeli.

Kwenye karatasi yawepo mambo haya, asilimia ngapi, kuanzia lini, kwa sharti gani, na ofisi itathaminiwaje siku hiyo, maana ofisi ya usanifu mali yake kubwa ni madai ambayo wateja hawajalipa na jina la mwenye ofisi, sio kompyuta. Omba uone orodha ya wadaiwa kabla ya kusaini chochote, umri wa kila deni, na kama ritani za VAT na PAYE zimelipwa mpaka sasa, kwasababu ukiingia na hisa unaingia na hayo pia. Angalia na bima ya taaluma kama ipo na inafunika kazi za nyuma. Wakili wa kampuni akae nayo siku chache, gharama yake ni ndogo.

Na ile projekti yenye bimu na bomba, wewe usisubiri cheo, itisha kikao kesho na mtu wa strakcha awepo mwenyewe, asitume msaidizi. Zege lenu linamwagwa lini?